Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: paka wa soko la samaki nao wanapata kichaa cha mbwa

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Ofisa Mifugo wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Soko.

YAH: PAKA WANAOZURURA SOKO LA SAMAKI NA HATARI YA KICHAA CHA MBWA KWA WATU

Waheshimiwa, shikamoni, na poleni na majukumu.

Mimi ni mama mkaanga samaki hapo sokoni kwetu, upande wa mnadani karibu na ngazi za kushukia pwani, huu ni mwaka wa 11 nipo pale. Sijawahi kuandika kitu hadharani na sikupenda kufika huku, ila njia zote ambazo mtu wa kawaida anaambiwa apitie nimeshazipitia. Mwezi wa sita nilimwona mtendaji wa kata akaniambia niandike barua, nikaandika. Mwezi wa saba nikaileta masijala kwenu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kopi ninayo. Mwezi wa nane nimekuja mara mbili, nikaambiwa faili lipo idara ya afya, nikaenda afya wakaniambia mambo ya wanyama ni ya mifugo, nikaenda mifugo nikaambiwa wao wana kampeni ya mbwa, paka hawana wenyewe kwahiyo hawapo kwenye mpango. Sasa tumeingia mwezi wa tisa, tarehe 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na najua gari la matangazo litapita mtaani kama kila mwaka, ndo maana naandika sasa hivi kabla halijapita.

Naomba nianze na tukio lenyewe, maana kwenye barua ya mwanzo niliandika mistari miwili tu na nadhani ndo maana halikuonekana uzito wake.

Pale sokoni kulikuwa na shume mmoja wa kijivu, mkia wake ulikatika zamani, wapara samaki walimwita Kigutu. Alikuwa mpole. Boti zikiingia asubuhi anakaa chini ya meza ya pili anasubiri matumbo ya vibua, ukimrushia anakula, ukimnyima anangoja, hagombani na mtu. Wiki ya mwisho ya mwezi wa tano akapotea siku mbili tatu hivi, Jumanne akatokea. Mimi nilimwona mapema, alikuwa amesimama pembeni ya ndoo za barafu, nikamrushia kichwa cha kibua kikaanguka mbele ya miguu yake kabisa na hakukitazama. Udenda unamtoka unaning'inia, manyoya ya kidevuni yamelowa yameshikana. Akalia, na sauti haikuwa ya paka, ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyepaliwa. Halafu akashika mguu wa meza akaanza kuutafuna. Mbao, waheshimiwa. Anatafuna mbao mpaka damu inatoka kwenye fizi na haachi.

Kabla hata sijamwita mtu alishamrukia dada mmoja mpara samaki akamng'ata kwenye kigimbi cha mguu. Kijana mmoja kuli akaja kumtoa, akang'atwa kwenye kiwiko cha mkono. Kisha yule paka akaingia chini ya meza yangu mimi ambako mwanangu wa miaka 9 alikuwa amekaa juu ya kreti anamenya vitunguu, shule alikuwa zamu ya mchana, akamng'ata hapa kati ya kidole gumba na cha shahada akang'ang'ania. Nilimpiga na mwiko wa kutolea samaki, una mafuta ya moto, hakuachia. Nilimtoa kwa kumkaba shingo. Makuli wakammaliza kwa kasia wakamtupa baharini, na vyote hivyo havikufika dakika tatu.

Kidonda cha paka hakitishi kukiangalia. Kwa mwanangu yalikuwa matundu manne madogo kama ya sindano, damu ikatoka kidogo ikakata. Nilikuja kuelewa baadae kwamba meno ya paka ni membamba na marefu, yanaingia ndani kabisa halafu ngozi inajifunga juu, kwahiyo mate yanabaki ndani na nje huoni kitu. Ningekuwa peke yangu bila mtu wa kuniambia ningepaka mafuta ya taa nikaendelea na karai langu.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Jina la ugonjwa limetuziba macho wote, mpaka watu wa afya.

Nilimbeba mtoto mbio mpaka zahanati. Muuguzi akakiangalia kidonda, akanisikiliza, akasema mama, unachosema wewe ni kichaa cha mbwa, huyu kang'atwa na paka. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango la kichaa cha mbwa lenye picha ya mbwa mweusi ametoa meno. Mbwa tu. Akamchoma mtoto sindano ya pepopunda, akakifunga kidonda kwa bandeji, akatuambia turudi baada ya siku tatu kubadilisha. Simlaumu yule binti kwa moyo mbaya, alitupokea vizuri na alifanya alichofundishwa, namlaumu aliyemwacha afanye kazi na bango lile bila kumwambia lingine.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja bwana mifugo mstaafu anayenunua samaki kwangu jioni. Aliona bandeji akauliza, nikamweleza, akaiacha ile sahani pale pale juu ya meza akaniambia fungua hiyo bandeji sasa hivi. Tulikosha kile kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, yeye ameshika saa. Mtoto analia, mimi nalia. Akaniambia hilo nilitakiwa nilifanye asubuhi pale pale sokoni, bomba lipo hatua kumi kutoka kwenye meza yangu, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Aliniambia na mengine, na nimeyafuatilia tangu siku ile kila nikipata nafasi. Kichaa cha mbwa ni kirusi kinachokaa kwenye mate, kinampata mnyama yeyote anayenyonyesha, mbwa, paka, ng'ombe, punda, mbweha, nyegere, na sisi. Kinaingia kwa kung'atwa, kwa kuparuliwa, hata kwa mate yakigusa kidonda kibichi au jicho. Kikiingia kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi inachukua miezi miwili mitatu, ila inaweza kuwa wiki moja na inaweza kuwa mwaka. Muda wote huo mtu ni mzima kabisa, anakula, anacheza, anaenda shule. Siku dalili zikianza, pale palipong'atwa panawasha au panakufa ganzi, homa, kisha anaogopa maji, anaogopa hata upepo wa feni, hapo hakuna dawa. Watu waliopona baada ya dalili ni wa kuhesabu duniani kote. Ila akichanjwa kabla hajafika huko, na akichanjwa sawasawa, karibu wote wanapona. Chanjo hii inajulikana tangu 1885, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa Kifaransa anaitwa Joseph Meister, na yule mtoto alikuwa na miaka 9 kama wangu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa 4 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa hapa Tanzania watafiti walikadiria kama watu 1,500 kwa mwaka. Hao wengi wamefia majumbani, kwa waganga, kwenye maombi, wamezikwa na jina la ugonjwa mwingine.

2. Chanjo haipo mahali tunapong'atwa.

Kituo cha afya haikuwepo. Hospitali ya wilaya haikuwepo, tukaambiwa iliisha na hawajui itakuja lini. Usiku ule ule nikaazima nauli, alfajiri tukapanda basi la kwanza kwenda mkoani, masaa manne. Pale ilikuwepo, ya kununua, elfu thelathini kwa sindano, na sindano ni nne, siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na ya 14. Ile sindano nyingine inayochomwa kuzunguka kidonda chenyewe, imunoglobulini, hiyo hata mkoani waliniambia hamna. Kwahiyo hesabu ni laki na ishirini za chanjo, nauli za watu wawili kwenda na kurudi mara nne, chakula, na siku ambazo karai halikuwaka. Niliuza friji. Mtoto alimaliza sindano zote na mpaka leo mzima, alhamdulillah.

Daktari wa mkoani alipojaza fomu yetu, palipoandikwa mbwa alichora mstari akaandika juu yake kwa mkono, paka. Nilivyoona vile nilishukuru sana, nikajua angalau kuna mtu mmoja ameandika kilichotokea.

Dada mpara samaki tulikwenda naye, ndugu zake walichanga. Yule kijana kuli alichoma moja tu. Ntarudi kwake.

3. Mnasema paka wa sokoni hawana mwenyewe, na mimi nasema mwenyewe ni soko.

Hili naomba mnisikilize kwa makini maana ndo kiini cha barua yangu. Nani anawalisha wale paka? Mimi nawalisha, sikatai, wapara samaki wanawalisha, ila sisi ni kidogo. Anayewalisha ni lile ghuba la taka nyuma ya mnada. Matumbo, mashavu, vichwa, samaki waliooza, vyote vinamwagwa pale, gari linapita mara moja kwa wiki, kuna wiki halipiti. Usiku mbwa wa mitaa ya juu wanashuka kula pale pale na paka wetu, wanagombana, wanang'atana. Mzee bwana mifugo alinieleza kwamba paka kwa kawaida hana kichaa chake mwenyewe, anapewa na mbwa au mnyama wa porini, sasa nyie mkitaka kujua anapewa wapi njooni saa tano usiku msimame pale kwenye ghuba. Mimi nimesimama. Nilihesabu mbwa 9 na paka nikashindwa.

Halmashauri inakusanya ushuru kwenye lile soko kila siku, kila meza, kila tenga, kila boti. Ghuba ni la halmashauri. Gari la taka ni la halmashauri. Mnyama anayezaliwa pale, anayekula pale, anayelala chini ya meza zilizopigwa namba na halmashauri, huyo hawezi kuwa hana mwenyewe. Na wanaongezeka, paka jike anabeba mimba miezi miwili tu, na kale kalikozaliwa mwezi wa kwanza mwezi wa sita kanaweza kuwa kenyewe kina mimba.

4. Hakuna aliyekuja kuchunguza, na hakuna njia ya kuchunguza.

Naomba nieleweke, mimi sisemi Kigutu alikuwa na kichaa. Sijui. Mtu yeyote aliyemwona angesema hivyo, ila uhakika unapatikana kwa kupima ubongo, na ubongo wake upo baharini. Mzee aliniambia kichwa kinatakiwa kifungwe vizuri kwa kuvaa glovu, kiwekwe kwenye barafu, kipelekwe kwa ofisa mifugo ili kifike maabara ya mifugo. Barafu pale kwetu ndo kitu ambacho hakikosekani! Tungejua tu, tungekiweka kwenye barafu, tungemtafuta mtu wa kukipokea. Ila hatukujua, na namba ya kumpigia mtu wa mifugo haipo popote pale sokoni, sio kwenye ubao wa matangazo sio kwa mwenyekiti. Baada ya tukio nilitegemea atakuja hata mtu mmoja aulize paka mwingine yupi aling'atwa na Kigutu zile siku alizopotea, aulize watu wangapi. Wamepita miezi mitatu na zaidi na hajaja mtu.

5. Sumu.

Miaka mitatu nyuma soko lilipolalamika paka wamezidi, usiku ukamwagwa samaki wenye sumu. Asubuhi tulikuta paka wamekauka kwenye ngazi, kuku wa majirani, na mmoja kaenda kufia kwenye kisima cha msikiti ambacho kikafungwa wiki nzima. Watu wawili pale mtaani walikuwa na paka wao wa ndani waliowachanja kwa hela yao, nao walikufa. Haikufika mwaka, paka wakawa wale wale wengi, wageni, wakali kuliko wa mwanzo maana walitoka mbali kufuata chakula ambacho bado kipo. Panya wa kipindi kile mnawakumbuka. Nasikia sasa hivi tena kuna mazungumzo ya sumu na nawaomba kwa heshima zote msifanye. Mnapoua waliozoeleka na waliochanjwa mnaacha nafasi kwa ambao hawajachanjwa.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo nimeshapewa na ambayo nitapewa, naomba niyajibu hapa hapa ili tusizungushane tena.

Mtasema kwamba asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa. Ni kweli, sipingi, na kuchanja mbwa lazima kuendelee kuwa kwanza, tena kufike 70 katika kila mbwa 100 kama wataalamu wanavyosema. Mikoa ya kusini mashariki na Pemba walichanja mbwa kwa mradi mkubwa kuanzia 2010 na Pemba ugonjwa ukaisha kabisa 2014, 2016 ukarudi umeletwa, wakachanja tena ukaondoka. Mzee wetu anasimulia habari hiyo mpaka macho yanamlenga machozi. Kwahiyo najua mbwa ndo shina. Ila angalieni tunavyoishi huku pwani. Mbwa kwetu hana ruhusa ya kuingia ndani, chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, mtoto anafundishwa tangu mdogo akae naye mbali. Paka hana najisi, anapita jikoni, analala mguuni kwa bibi, mtoto anamlaza kitandani, anamtia kidole mdomoni. Dini na mila vimetuwekea umbali na mbwa, kwa paka hakuna umbali wowote, na mtoto akiparuliwa na paka hasemi kwa mama yake maana sio habari. Kwahiyo hata kama paka wagonjwa ni wachache, kila mmoja wao yupo ndani kwetu.

Na kuna nchi zinatuonyesha tunakoelekea tukisahau upande huu. Marekani mbwa wanachanjwa kwa sheria miaka mingi, sasa kila mwaka mbwa wanaokutwa na kichaa hawafiki 100, paka ni zaidi ya 200, wanapewa na wanyama wa porini kama rakuni na vicheche. Mbwa wamepona, paka aliyesahaulika ndo amebaki.

Mtasema bajeti. Sawa, ila kuna jambo daktari wa mkoani aliniambia nikaona hili ni la kuleta kwenu. Kuna namna ya kuchoma chanjo hii juu juu kwenye ngozi, kidogo kidogo sehemu mbili za mwili, siku ya kwanza, ya 3 na ya 7, halafu basi. Shirika la Afya Duniani linaikubali tangu zamani na 2018 waliifanya kuwa fupi hivyo. Kichupa kimoja kinagawika kwa zaidi ya mtu mmoja ila kinatakiwa kiishe siku hiyo hiyo kikishafunguliwa. Sisi tulikuwa watatu, siku moja, soko moja. Vichupa viwili vingetutosha siku hiyo na pengine kingebaki. Badala yake kila mmoja alijinunulia chake na mmoja wetu alishindwa.

Mtasema paka hawashikiki. Wa porini kweli hawashikiki, wa kwetu wanakuja wenyewe saa ile ile kila siku. Mtu wa mifugo aje na vizimba vya kunasia, sisi samaki tunatoa, wanaonaswa wanachanjwa, wanahasiwa, wanakatwa ncha ya sikio kidogo wakiwa wamelala ili ajulikane huyu tayari, wanarudishwa pale pale. Aliyehasiwa hagombani sana wala hazai. Nimeongea na wenzangu, wapara samaki na wachuuzi, watu 14 wametoa majina yao kwamba watasaidia kunasa bila malipo. Orodha ninayo.

Mtasema pia tuache kuwalisha. Mimi nitaacha kurusha vichwa siku ghuba litakapokuwa na mfuniko na ukuta, maana leo nikiacha mimi wataenda kula kule na mbwa, na chini ya meza yangu angalau nawaona, Kigutu nilimwona kwamba hayuko sawa kwa sababu nilimjua.

Kwahiyo ninachoomba, na naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe 28 mwezi huu:

Chanjo ya watu iwepo hospitali ya wilaya muda wote na waliopo pale wafundishwe ile njia ya kuchoma kwenye ngozi, na ikiisha kuwe na gari au nauli ya kumfikisha mtu mkoani siku hiyo hiyo. Zahanati na vituo vyote vipewe tangazo jipya lenye mbwa na paka, lenye maneno makubwa OSHA KWA SABUNI NA MAJI DAKIKA 15 NJOO HAPA HARAKA, libandikwe na sokoni kwenye bomba lile. Shule za msingi mbili za kata yetu zitembelewe, walimu wawaambie watoto kwamba ukiparuliwa na paka sema nyumbani. Kampeni ya mwaka huu gari lisipite tu mtaani, lisimame sokoni siku mbili, lichanje paka wetu pamoja na mbwa. Ghuba lizungushiwe ukuta na gari la taka lipite kila siku, hili mkishindwa mengine yote yatakuwa kazi ya kurudia kila mwaka. Namba ya ofisa mifugo ibandikwe, na sisi tuelekezwe mnyama akishukiwa afanywe nini, akikamatika afungwe aangaliwe siku 10, akifa sampuli yake ichukuliwe. Na sumu isitumike.

La mwisho ni la haraka kuliko hayo yote na halihitaji bajeti.

Yule kijana kuli. Ni kijana mdogo, hajafika hata miaka 20, alikuja kutafuta maisha, anabeba matenga. Alimtoa paka kwa yule dada ambaye hata sio ndugu yake. Alikwenda na sisi mkoani ile siku ya kwanza kwa hela niliyomkopesha, akachomwa moja, akaniambia mama hizi nyingine ntachoma hela ikipatikana, mkono wenyewe hauumi. Kabla ya siku ya 3 alipata kazi kwenye jahazi la mizigo akaondoka. Jina lake, jina la jahazi na namba ya simu ya mtu aliyekuwa analala kwake niliziandika kwenye barua ya mwezi wa sita kwa mtendaji na nimeziandika tena kwenye ile ya mwezi wa saba iliyogongwa muhuri. Namba ile mimi nikipiga naambiwa hayupo, kafika huku, kaenda kule. Mimi ni muuza samaki siwezi kupiga simu bandari moja baada ya nyingine wakanisikiliza. Nyie mnaweza. Ofisi ya Mkurugenzi ikipiga bandarini inapokelewa, Mganga Mkuu akimpigia mwenzake wa wilaya nyingine inapokelewa. Sijasikia kwamba ameumwa, na kama hajaanza kuumwa bado hajachelewa, hata baada ya miezi hii mtu anaweza kuanzishiwa chanjo. Naomba atafutwe wiki hii. Hela ya sindano zilizobaki mimi na wapara samaki tumeshaichanga, ipo kwa mwenyekiti wa soko.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama mkaanga samaki, ngazi za mnadani, Soko la Samaki.